Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sanamu za Nairobi: wageni wetu wanaondoka na picha, hawaondoki na habari

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mpiga picha wa barabarani. Kwa zaidi ya miaka 20 nimetafuta riziki katikati ya jiji, kati ya jumba la mikutano la KICC, barabara ya Kimathi na Uhuru Park. Wengi wa ninaowapiga picha wametoka mbali: wazee walioletwa na watoto wao, wanafunzi wa ziara, familia zilizokuja kumsindikiza kijana kwenye mahafali. Wote wanataka kusimama mbele ya sanamu. Ninawaandikia kwa sababu ya swali ambalo huulizwa na karibu kila mmoja wao, wengine kabla ya kulipa na wengine wakiwa tayari wameishika picha mkononi: "Huyu alifanya nini hasa?"

Jina hawaulizi. Jina walilisikia redioni, walilisoma shuleni, limebandikwa kwenye barabara na viwanja vya ndege. Wanachotaka kujua ni kisa.

Nilianza na kamera ya filamu. Siku hizo mgeni alisimama mbele ya sanamu asubuhi, nikakimbia River Road kuosha picha, naye akarudi saa kumi jioni kuichukua kabla ya kupanda gari la kwao. Wengi walirudi mapema wakakaa nami kusubiri, na katika kusubiri huko ndiko nilikozoea kusimulia. Nilisoma magazeti ya zamani, nikauliza wazee, nikawa na la kuwaambia. Leo printa yangu inaingia kwenye begi la mgongoni, picha inatoka kwa dakika moja, na mgeni anaondoka nayo kabla hajauliza la pili. Mwenye simu nzuri hanihitaji kabisa. Anajipiga mwenyewe mara tano, anaenda zake. Ule muda wa kusubiri umekufa, na masimulizi yamekufa nao.

Sanamu inayovuta wageni kuliko zote ni ya Mzee Jomo Kenyatta pale KICC. Ameketi, shaba tupu, mkubwa kuliko binadamu yeyote, na nyuma yake jumba la orofa 28 lililokamilika mwaka wa 1973. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Butler. Kumpiga mtu picha pale kuna ufundi wake. Ukisogea karibu unalipoteza jumba, na ukirudi nyuma upate jumba zima mgeni anabaki mdogo kama punje ya mtama miguuni pa Mzee. Ninawauliza wanataka ipi. Wazee karibu wote huchagua kuwa wadogo, mradi jumba lisikatwe.

Na sanamu hiyo tunayo hata mfukoni. Tangu 2019 noti zetu zote, ya 50 hadi ya 1,000, zina picha ya jumba la KICC pamoja na Mzee ameketi mbele yake. Wako waliokwenda mahakamani wakisema Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na Mahakama Kuu ikaikataa kesi hiyo. Watoto wa shule hawana habari ya kesi. Wao hutoa noti ya 50 waliyopewa na mama ya kununua soda, wanaiinua mbele ya macho, wanalinganisha, wanafurahi kuona kwamba ni kweli.

Siku moja basi la shule lilileta watoto wapatao 40 kutoka Kitui. Niliwapiga picha KICC, kisha mwalimu wao akaniomba niwaongoze kwa miguu hadi kwa Dedan Kimathi, kwani si mbali. Mnaijua sanamu hiyo, iko pale barabara ya Kimathi inapokutana na Mama Ngina. Amesimama juu ya jukwaa refu la mawe, nywele za msokoto, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Nilipiga magoti kwenye lami ili watoto na Kimathi waingie pamoja kwenye picha, kwa maana ukisimama wima utapata ama nyuso za watoto ama buti za shujaa. Nikiwa bado nimepiga magoti, msichana wa miaka kama kumi akamuuliza mwalimu wake, "Mwalimu, kwa nini yule ameketi na huyu amesimama?"

Mwalimu alitazama saa. Basi lilikuwa linasubiri, na walikuwa hawajala.

Sijalisahau swali lile. Mtu mzima anaweza kulijibu siku nzima asilimalize, na mtoto yule alilipata kwa kutembea dakika chache tu kutoka sanamu moja hadi nyingine. Aliyeketi alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, usiku ambao hali ya hatari ilitangazwa, akahukumiwa Kapenguria, akafungwa kaskazini, akaachiliwa Agosti 1961. Akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni 1963, na Rais mwaka uliofuata. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na amelazwa kando ya Bunge, kaburi lina walinzi. Aliyesimama aliingia msituni kupigana na mkoloni. Alitoka huko amejeruhiwa kwa risasi, tarehe 21 Oktoba 1956, akafanyiwa kesi Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kaburi lake halijulikani hadi leo. Mjane wake, Mama Mukami Kimathi, aliomba mabaki ya mumewe kwa miaka yote, na aliaga dunia Mei 2023 bila kuyapata.

Kuna jambo la tatu ambalo kila nikilisimulia watu hunitazama kana kwamba nimelitunga. Sheria ya mkoloni iliyopiga marufuku Mau Mau, kundi la hao wapiganaji wa msituni, mwaka wa 1950 haikuondolewa bendera ilipopandishwa. Ilibaki wakati wote wa Mzee Kenyatta, ikabaki wakati wote wa Rais Moi, ikaondolewa 2003 chini ya serikali ya Rais Kibaki. Miaka 40 ya uhuru, na waliopigana msituni bado kwa sheria walikuwa kundi haramu. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mtoto wa Kitui akielezwa haya pale pale, kwa lugha anayoielewa, hatahitaji kuambiwa kwa nini mmoja ameketi na mwingine amesimama. Atapima mwenyewe.

Sasa niwaeleze kuhusu shosho mmoja, bibi mzee.

Ilikuwa mwezi wa nane, likizo ya shule. Kijana alikuja na nyanya yake kutoka Murang'a, amejitanda leso, kiondo kifuani. Kijana alitaka picha mbele ya Kimathi. Shosho alikataa kuitazama kamera. Aligeuka akaweka kiganja kwenye jiwe la jukwaa, kama mtu anayepima kama sufuria bado ina moto, akamuuliza mjukuu wake kwa Kikuyu. Mimi si Mkikuyu, kijana ndiye aliyenifasiria. Alikuwa amemwambia aseme alichojua kuhusu mtu huyu. Kijana, ambaye amemaliza kidato cha nne, akasema: alipigania uhuru, alikuwa kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa na wakoloni. Shosho akangoja. Alipoona mjukuu amenyamaza, akasema, "Ni hayo tu mlifundishwa?"

Kisha akaanza yeye. Alisimulia vile watu walivyotolewa majumbani mwao wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha, na vile wanawake walivyochimba mahandaki hayo kwa mikono yao. Alisimulia amri ya kutotoka nje. Alikuwa msichana mdogo, na alitumwa kupeleka chakula kwenye ukingo wa msitu kwa sababu mtoto hatiliwi shaka upesi. Akasema walifundishwa jambo moja: unapompa mtu chakula, usimtazame usoni, naye hakutazami. Kesho wakikukamata wakakuuliza ulimwona nani, useme kweli kwamba hukumwona mtu.

Mchuuzi wa karanga alisogea. Wasichana wawili wa chuo wakasimama. Tarishi mmoja aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo. Tulikuwa watu kama kumi na wawili, na kijana yule wa Murang'a alikuwa akifasiri huku sauti inamkwama, kwa maana yeye pia alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Haikupita robo saa. Halafu kijana akasema gari la kwao linajaza, wakaondoka.

Mimi nilibaki na aibu yangu. Pale Uhuru Park kuna mnara wa waathiriwa wa mateso ya wakati wa ukoloni, uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza, miaka miwili baada ya serikali hiyo kueleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228. Kwenye mnara huo kuna mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ameuangalia upande wake. Nimepiga picha za wachumba wengi mbele ya sanamu hiyo. Wengi husema, "Hawa wamekosana," wanacheka, nami sikuwa nawarekebisha. Jibu nililipata kwa shosho, barabarani, kwa bahati tu. Waliochonga walijua. Waliozindua walielezwa siku ya uzinduzi. Ni sisi tunaopita pale kila siku ambao hakuna aliyetuambia kwa namna ya kubaki.

Ninachowaomba, waheshimiwa, ni kwamba kila sanamu iwe na kisa chake pale ilipo, kwa Kiswahili, na kiwe kirefu vya kutosha. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa na jina la mgeni wa heshima aliyevuta kitambaa havitoshi. Andikeni kama mtu anayemweleza mtoto wa darasa la tano: alikotoka, alilolitenda, lililompata, na walichogombania yeye na wenzake. Andikeni pia yale yanayouma, ikiwemo ile miaka 40. Na maandishi yawekwe chini, kwenye kimo cha macho ya mtoto, kwa herufi ambazo jua halitazifuta mwaka wa pili.

Msiniambie lugha ni tatizo. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tena kuna ushahidi wa zamani zaidi ya Katiba. Tembeeni hadi Kenyatta Avenue mkawaone wale askari watatu wa shaba, wa Vita vya Kwanza vya Dunia: askari wa King's African Rifles, askari Mwarabu na mpagazi wa Carrier Corps, kikosi ambacho jina lake tulilitafuna likawa Kariokor, ambako leo tunanunua viondo na kula nyama choma. Mnara huo uliwekwa miaka ya 1920. Maandishi yake yako katika lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Serikali ya mkoloni, iliyowachukua babu zetu kwa nguvu wabebe mizigo ya vita visivyokuwa vyao na wafe njiani kwa maelfu kwa njaa na maradhi, iliona ni lazima iseme na wenyeji kwa lugha wanayoielewa. Karibu miaka 100 imepita. Sisi wenyewe, kwa mashujaa wetu wenyewe, tutashindwaje?

Lakini maandishi peke yake hayatamfikia shosho, kwa sababu hasomi. Na naomba msije mkaweka ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu mkadhani kazi imekwisha. Wazee ninaowapiga picha wana simu za mulika mwizi. Wanaohitajika ni watu wa kusimulia, na watu hao wapo, ila hawatakuwepo muda mrefu. Msichana aliyepeleka chakula msituni 1954 leo amepita miaka 80. Wakaribisheni wazee hawa kwenye sanamu, siku za likizo za shule, tarehe 18 Februari, Sikukuu ya Mashujaa, Sikukuu ya Jamhuri. Walipieni nauli na wapeni posho ya heshima. Wakisimulia, sauti zao zirekodiwe. Ninayo picha ya shosho, mdomo wazi, mkono juu, tarishi na baiskeli yake nyuma. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga Nairobi. Haina sauti.

Na wasiwe wa Mau Mau peke yao. Sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa Mzee Kenyatta, iko Moi Avenue, amevaa joho, na chini yake ndege aina ya heroe. Ilizinduliwa Oktoba 2011, hatua chache tu kutoka mahali alipopigwa risasi akitoka duka la dawa, Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Wakati huo barabara ile ikiitwa Government Road. Watu wanapita pale wakikimbilia magari, wanakutana pale kwa sababu ni mahali rahisi pa kumwelekeza mtu, na vijana wengi wanaoegemea pale hawajui kwamba damu ilimwagika karibu na wanaposimama. Bado wako wazee waliokuwa mjini siku ile. Wako pia waliopanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa juhudi zake, mpango ulioanza na wanafunzi 81 mwaka wa 1959. Mmoja wao akiketi pale Jumamosi moja asubuhi akaeleza alivyoagwa kijijini, barabara nzima itasimama kusikiliza. Nimeona ilivyosimama kwa shosho.

Kuna jambo dogo la viti, ambalo kwa wazee si dogo. Kwenye mnara mmoja wa jiji hili, sitautaja, mzee aliyekuwa na mkongojo aliketi ukingoni mwa jukwaa kupumzika. Mlinzi akamwamuru ainuke. Mzee aliinuka bila neno, akasema haidhuru, akaenda zake bila kupigwa picha aliyokuwa ameitolea safari. Sina chuki na mlinzi yule, amepewa amri kwamba watu wasikalie jukwaa, na hakupewa mahali pa kumwonyesha mzee akae. Mtu aliyesafiri saa nne kwenye matatu kuja kumwona kiongozi wake anahitaji benchi na kivuli. Sanamu zetu nyingi zimewekwa kama vitu vya kutazamwa kutoka kwenye gari. Wanaokuja kuzitazama wanakuja kwa miguu.

Kuhusu sisi wapiga picha. Tuko pale kila siku, jua na mvua. Tunajua ni saa ngapi uso wa shaba unakuwa mweusi kwa sababu mbingu nyuma yake ni nyeupe, tunajua mgeni anayetoka Turkana na anayetoka Kwale kwa jinsi wanavyosimama, na tayari tunaulizwa maswali yote. Tufundisheni. Wiki mbili na mwanahistoria zinatosha kuanzia. Mkitupa vitambulisho vya kuwa wasimulizi wa sanamu, tutafanya kazi hiyo pamoja na kupiga picha, na hamtalazimika kuajiri mtu mpya. Wenzangu wengi wameacha kazi hii kwa sababu ya simu, na wameondoka na mambo waliyoyajua ambayo hayakuandikwa popote. Mmoja alikuwa akisimulia habari za Kapenguria hadi watu wanasahau kuchukua chenji.

Nimesikia wakisema kwamba nchi ina njaa, hospitali hazina dawa, na sanamu si kipaumbele. Nakubali kwamba dawa zitangulie. Lakini sijaomba sanamu mpya hata moja, wala ukubwa zaidi. Zilizopo zinatosha, tena zilishalipiwa. Naomba maneno, viti na nauli za wazee.

Nilipomaliza kuandika rasimu ya barua hii, nilimpigia simu yule kijana wa Murang'a. Nambari yake ninayo kwa sababu niliwatumia picha. Nilitaka kumwomba shosho ruhusa ya kusimulia habari zake. Alipewa simu, tukazungumza, mjukuu akifasiri katikati. Alisema jina lake nisilitaje. Alisema pia niwaambie kwamba ana mengi ambayo siku ile hakuyafikia, kwa sababu gari lilikuwa linajaza, na kwamba yuko tayari kurudi Nairobi kuyamalizia, mradi kuwe na kiti.

Wenu mtiifu,

Mpiga picha wa barabara ya Kimathi, Nairobi